Mwalimu Aliyeitwa Kinyume

Mwalimu wangu wa kwanza ana jina la ubatizo na jina la nyumbani, yote mazuri, lakini ukifika soko la Nyakoe ukayataja, watu watakutazama tu. Sema "Mwalimu Kinyume" na utaonyeshwa mara moja: yule pale, mwenye kilemba cha kahawia, anayeuza mboga za kienyeji, chinsaga na managu. Jina hilo halijatimiza hata miaka miwili. Waliolitamka kwanza ni wengine, ila mimi ndiye niliyelipika, wao wakalipakua.

Nalisema hili mwanzoni, kabla sijaanza kumsifu, kwa sababu najijua. Mimi ni mtu wa kujisifu. Nikianza na sifa zake ninaweza kuteleza nikaangukia katika zangu, na msomaji asifike kamwe kwenye kosa.

Basi zangu nizimalize hapa. Niliondoka kwetu Kiogoro na begi moja la mgongoni. Nilifanya kazi nchi za Ghuba miaka kumi na mmoja, kwanza nikibeba maboksi ghalani, mwishowe nikiwa msimamizi wa ghala lenyewe, watu wa mataifa sita wakingoja neno langu kabla ya kwenda kupumzika. Siku zangu za mapumziko nilisoma kwa mtandao hadi nikapata stashahada ya usimamizi, ambayo ipo sebuleni kwangu ndani ya fremu. Nyumba yangu ndiyo ya kwanza ya ghorofa katika kilima chetu, na sikurithi hata shina moja la mchai. Kanisa liliponichagua niwe mwenyekiti wa halmashauri ya shule yake ndogo, sikushangaa. Nilichoshangaa ni kwamba walichelewa.

Miaka yote hiyo nikizunguka dunia, Mwalimu alikuwa katika chumba kilekile cha mabati cha shule hiyo, akifundisha jambo lilelile: kwamba tano ni kubwa kuliko tatu, na kwamba tatu ni ndogo kuliko tano.

Walimu wengine wana somo. Yeye alikuwa na alama. Alifundisha kusoma, ndiyo, na nyimbo, na kunawa mikono, lakini moyo wake ulikuwa katika ile alama ndogo yenye ncha, ambayo watoto huiandika huku wametoa ulimi. Aliamini kwamba mtoto asiyejua kulinganisha hajui kuhesabu. "Kuhesabu bila kulinganisha ni kuimba," alisema. Akatuonyesha: tukahesabu moja hadi ishirini kwa mkumbo mmoja, kwa sauti ya kubomoa paa, halafu akauliza, "Kumi na mbili na tisa, ipi ni kubwa?" Kimya. "Mmeona? Mlikuwa mnaimba."

Alikuwa mfupi. Msimu wa mvua, ambao kwetu ni karibu mwaka mzima, alivaa buti za mpira za mume wake, zilizomzidi, kwa hiyo tulimsikia kabla ya kumwona. Kipande cha chaki alikichomeka ndani ya kilemba, juu ya sikio, kisha akakisahau na kuanza kukitafuta mezani. Hatukuthubutu kumwambia. Mume wake naye alimwita Mwalimu, na wakati mwingine, wanafunzi tulipopita njiani, tulimsikia mzee akiuliza kutoka zizini, "Mwalimu, panga umeweka wapi?"

Darasa lake lilinuka ndizi mbivu. Hakuwa na vifaa vya kununua, kwa hiyo nambari zetu zilikuwa ndizi, maparachichi, magunzi na mahindi. Somo likiisha, kama nambari ilikuwa ya kuliwa, tuliila. Ndiyo sababu hadi leo watu wazima wa kilima chetu wakikutana husema, "Unakumbuka tulivyokuwa tukila swali?" Nimekula katika hoteli zenye meza za kioo, lakini sijala kitu kitamu kama nusu ya nane.

Sasa nieleze kosa langu la kwanza darasani, kwa sababu lilimfurahisha sana akalisimulia kwa miaka mingi, bila kunitaja. Nilikuwa kifungua mimba wa mama yangu, na nyuma yangu walikuwa wadogo saba. Nyumbani neno "mkubwa" lilikuwa na maana moja tu: aliyezaliwa kwanza. Mkubwa ndiye anayepewa kipande cha kwanza cha nyama na kiboko cha kwanza pia. Mwalimu akaandika 1 na 2 ubaoni, akauliza ipi ni kubwa. Nikasimama bila kuitwa.

"Moja ndiye mkubwa, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Alitangulia. Mbili ni mdogo wake."

Darasa zima likakubaliana nami, maana wote walitoka katika nyumba kama yetu. Mwalimu mwingine angecheka, au angenichapa. Yeye alikaa juu ya meza, buti zikining'inia, akafikiri. Mwisho akasema, "Umesema kweli, moja alitangulia. Lakini hapa hatuulizi nani alitangulia. Tunauliza nani amebeba zaidi." Akanipa ndizi moja, akampa msichana wa nyuma yangu ndizi mbili. "Sasa, kifungua mimba, nani amebeba zaidi?" Ilinibidi niseme. Iliniuma, na ile ndizi moja niliila haraka.

Alama yenyewe aliifundisha kwa mikono. Najua kuna wanaofundisha kwamba ni mdomo wa mnyama mlafi unaogeukia chakula kingi. Yeye alikataa. "Sitawaambia watoto kwamba mwenye vingi ndiye wa kuliwa," alisema. Badala yake alitumia jambo ambalo kila mtoto wa kwetu analijua kabla ya kujua kusoma: mtu mzima akitoka sokoni na mzigo, unamkimbilia, unafungua mikono, unampokea. Basi aliwasimamisha watoto watatu mbele ya darasa. Wawili wa pembeni walishika vitu. Wa katikati alimgeukia mwenye vingi, akanyoosha mikono yote miwili, mmoja juu na mwingine chini, kama anayepokea kikapu kikubwa. Ukimtazama kutoka kwenye madawati unaiona alama: mikono imefunguka kwa mwenye vingi, mgongo ni ncha inayomgusa mwenye vichache. Nilikuwa "alama" mara nyingi. Niliipenda kazi hiyo kwa sababu kila mtu alinitazama.

Mara moja alitupeleka kwenye kituo cha kupimia majani chai. Karani alikuwa ametundika mzani, akina mama wamepanga vikapu. Mwalimu akatuonyesha viwili, kimoja kimefurika hadi majani yanadondoka, kingine kimejaa nusu tu.

"Kipi ni kikubwa?"

"Kile!" tukapiga kelele, tukikinyooshea kidole kilichofurika.

Karani akavipima. Kile cha nusu kilikuwa kizito zaidi, maana mwenyewe alikuwa ameyashindilia majani, na mwenye kile kilichofurika alikuwa ameyapepeta yakavimba. Mama wa kikapu kilichofurika akashika kiuno. "Mwalimu, umekuja na watoto kunianika?"

"Sijakuanika, mama, nimekupima."

"Basi kesho wapeleke wakapime pua zako!"

Kituo kizima kikacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Njiani kurudi akatuambia kwamba tukiulizwa kipi ni kikubwa, tusijibu upesi. Tuulize kwanza: kikubwa kwa nini? Kwa kimo, kwa uzito, kwa idadi? Mimi nilikumbuka kicheko tu. Hilo swali nililiacha pale njiani.

Asidhani mtu kwamba alikuwa malaika. Alikuwa na vidole vya chuma, na akikushika sikio ulijifunza. Jumatatu alichelewa, kila Jumatatu, na hatukuambiwa kwa nini. Makaratasi aliyachukia. Maandalio yake ya somo yalikuwa yaleyale mwaka baada ya mwaka, amefuta tarehe tu na kuandika nyingine, hadi karatasi ikatoboka mahali pa tarehe. Nami nilipokuwa mwenyekiti nilikiona kile kitobo, na nikakifurahia, kama mtu aliyepata ushahidi.

Tena alikuwa na jambo ambalo sikuwahi kulielewa. Mtu huyu aliyelinganisha mchana kutwa alikataa katakata kulinganisha watoto. Shule nyingine zilipanga wanafunzi, wa kwanza hadi wa mwisho. Yeye hakupanga. Mama yangu alimwendea, maana alikuwa na hakika mimi ndiye wa kwanza.

"Mwalimu, mwanangu ni namba ngapi?"

"Mwanao si namba. Nambari zinalinganishwa, watoto wanahesabiwa. Nikitoka nao wakiwa thelathini na mmoja, nikarudi nao thelathini na mmoja, nimefaulu."

Mama alirudi nyumbani amekasirika. Mimi pia. Nilijua mimi ndiye wa kwanza.

Na bado mwanamke huyohuyo angesimama kwenye ua wa jirani akatazama mgomba wao, akasema bila aibu, "Mkungu huu ni mtoto kwa wangu." Kuhusu ndizi na mboga hakuwa na unyenyekevu wowote. Watoto aliwalinda dhidi ya mizani, lakini migomba ya watu aliipima hadharani.

Siku ya Sabato, baada ya ibada, akina mama wawili waliokuwa na watoto wachanga wa rika moja walimzuia mlangoni mwa kanisa wakitaka awaamulie nani mzito. "Leo Sabato," akawaambia, "mizani imepumzika." Jumapili asubuhi alimpitia mmoja nyumbani, akambeba mtoto, akamnong'oneza mama: "Wako ndiye mzito. Usimwambie mwenzako." Ilipita miaka kabla wale wanawake hawajagundua kwamba kila mmoja aliambiwa vivyo hivyo. Walipomuuliza, alisema mtoto akiwa mikononi mwake siku zote ndiye mzito zaidi.

Nimesema mengi mazuri, na nimeanza kujisikia vizuri. Hapo ndipo pa kusimama na kueleza nilichofanya.

Nilipopewa uenyekiti niliamua kuinua kiwango. Tulikuwa na walimu watatu, wazazi wengine walikuwa wanahamisha watoto kwenda shule za Nyanchwa, na mimi nilitoka mahali ambapo kila kitu kina fomu. Nikatengeneza fomu yangu mwenyewe, ya visanduku kumi na viwili, na nikatangaza kwamba nitakagua kila darasa. Siku ya darasa lake nilivaa suti ya kijivu niliyoshonewa huko nilikotoka.

Kwetu mgeni wa heshima haketi nyuma ya watu. Iwe arusi, iwe mazishi, iwe mkutano wa chifu, anaketi mbele, ametazamana na umati, ili aonekane. Watoto walikuwa wamekwisha kuweka kiti kando ya ubao, kimetandikwa kitambaa cheupe. Mwalimu alinisogelea, akasema taratibu watoto wasisikie:

"Mwenyekiti, njoo ukae huku nyuma na watoto. Ukiwa mbele somo utaliona kwa mgongo."

Nilitazama lile benchi. Lilikuwa fupi, la vumbi, na labda nililikalia mwenyewe zamani. Sikukaa ughaibuni miaka kumi na mmoja ili nirudi kwenye benchi lilelile.

"Asante, Mwalimu. Hapa panatosha."

Akainua mabega, akaanza. Msichana mwenye mahindi matano alisimama upande mmoja, mvulana mwenye matatu upande mwingine, na mtoto wa katikati akamgeukia msichana, akafungua mikono. Darasa likapaza sauti: "Tano ni kubwa kuliko tatu!" Nami kwenye kiti changu cha kitambaa cheupe, nyuma yao, niliona waziwazi alama ya ndogo kuliko. Watoto wanasema kubwa, alama inasema ndogo. Nikakiendea kisanduku cha saba kwa kalamu, moyo ukinidunda kwa furaha, na leo furaha hiyo ndiyo inayoniaibisha zaidi. Nikaandika: "Mwalimu anachanganya alama. Anafundisha kinyume."

Sikumuuliza. Nilimshukuru, nikapeana naye mkono, nikaondoka. Siku ya mkutano wa wazazi niliisoma ripoti yote kwa sauti, kisanduku kwa kisanduku, pamoja na habari ya karatasi iliyotoboka. Nilipofika cha saba, watu wakaguna. Mzazi mmoja akasema, "Kumbe ndiyo sababu wetu hawajui hesabu!" Mwingine akadakia, "Amekuwa akiwafundisha kinyume!" Kicheko kikapita safu hadi safu.

Yeye akasimama. Hakujitetea. Aliuliza swali moja.

"Mwenyekiti, siku hiyo ulikuwa umekaa wapi?"

"Nilikaa mahali pa mwenyekiti," nikajibu, na watu wakapiga makofi.

Akatazama yale makofi, kama anayeyahesabu, kisha akakaa. Mwisho wa muhula hakuendelea na kazi. Tuliajiri kijana mwenye stashahada kama yangu, mwalimu mzuri tu, sina neno naye. Mwalimu alirudi kwenye mboga zake, na jina likamfuata sokoni kabla hajatandika gunia. Watu waliokula maswali yake wakamwita Kinyume, wakicheka, na watoto wao wakalichukua bila hata kujua ni tusi.

Ukweli ulinijia mezani kwangu, saa za chai ya jioni, kutoka kwa binti yangu wa miaka saba, ambaye mwaka wa mwisho wa Mwalimu alikuwa katika darasa lake. Alikuwa akifanya kazi ya nyumbani, mimi nimekaa ng'ambo ya meza nikimtazama. Akaandika nane, akaandika alama, akaandika sita.

"Umekosea alama," nikamwambia. "Hiyo ni ndogo kuliko."

Akatazama daftari. "Sijakosea, baba."

"Mimi naiona. Imefungukia upande wa kulia."

"Kwa sababu uko huko!" Akaligeuza daftari likanielekea, nayo alama ikageuka pamoja na nambari zake, ikawa sahihi. "Mwalimu alisema ukisahihisha daftari la mwenzako, ligeuze kwanza. Ama uhamie kwake."

Nikaweka kikombe chini. Msomaji akitaka kuona nilichokiona, aandike 5 > 3 kwenye karatasi nyembamba, kisha aigeuze na kuitazama kwa nyuma dhidi ya dirisha. Ataona tatu ni ndogo kuliko tano. Hakuna kilichoharibika. Ni jambo lilelile, limesomwa kutoka upande wa pili. Watoto waliokuwa madawatini walisema kubwa kuliko, na kwa mahali pao ilikuwa kweli. Mimi niliona ndogo kuliko, na kwa mahali pangu ilikuwa kweli pia. Uongo ulikuwa kwenye kisanduku cha saba peke yake. Nikaelewa kwamba swali lake mkutanoni halikuwa ujeuri. Lilikuwa jibu, nami nilikuwa nimepigiwa makofi likapita.

Ningependa kuandika kwamba niliamka nikaenda kwake siku hiyohiyo. Sikwenda. Nilinyamaza muhula mzima. Nilijiambia kwamba umri wake ulikuwa umefika hata hivyo. Nilijiambia kwamba karatasi ile ilikuwa imetoboka kweli. Nilianza kununulia mboga mjini Kisii ili nisipite Nyakoe, nikamwambia mke wangu kwamba za mjini ni safi zaidi. Alinitazama tu. Chinsaga za mjini hutoka Nyakoe.

Mwishowe, mkutano wa wazazi ulipofika tena, nilisimama na kusema kwa Kiswahili: "Ndugu wazazi, katika ripoti iliyopita makosa fulani yalifanyika kuhusu mmoja wa walimu, na halmashauri inasikitika." Watu wakapiga makofi tena. Mzee mmoja wa kanisa alinishika bega akasema viongozi wanyenyekevu kama mimi ni wachache. Tukakubaliana kumpelekea Mwalimu blanketi na chupa ya chai. Nami nikajitolea kuvipeleka.

Nilimkuta jikoni kwake Kiogoro asubuhi ya siku ya soko, amekaa kwenye kigoda, anachambua chinsaga. Mume wake alikwisha kufariki, na buti zile sikuziona.

"Bwakire, Mwalimu."

"Bwakire buya. Ingia, tata." Tata ni baba kwa lugha yetu, na ndivyo akina mama wanavyowaita wana wao. Hakuwa ameniita hivyo tangu nilipokuwa alama.

Nikaweka blanketi na chupa. Akavitazama, akashukuru, akaendelea kuchambua. Nikakaa. Nikamwambia kwamba mkutanoni nimerekebisha lile jambo.

"Nimesikia," akasema. "Nimeambiwa ulisema makosa yalifanyika."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Yalifanyika yenyewe?"

Nikaisogeza chupa ya chai karibu na blanketi.

"Na ulisema kwa Kiswahili. Mkutano mzima ni watu wa hapa, kila mmoja ni mtoto wa mtu unayemjua. Siku ya kunishtaki ulisema kwa lugha ya nyumbani, hata bibi wa miaka tisini akacheka. Siku ya kukiri ukahamia Kiswahili." Akatupa shina kwenye karai. "Haya. Nani alifanya?"

"Halmashauri ili..."

"Mimi nimefundisha watoto wa miaka sita. Nina subira. Nani?"

"Mimi."

"Wewe ulifanya nini?"

Nikasema. Nilisema kwamba nilikaa upande usiofaa baada ya yeye kunionya, kwamba niliandika uongo, kwamba nilikuwa nimeujua ukweli muhula mzima nikanyamaza. Nilisema kwa Ekegusii, lugha ya nyumbani, na huko hakuna mahali pa kujificha. Nilipomaliza nilikuwa natoka jasho kama niliyebeba boksi.

"Sasa ni sentensi," akasema.

Nikamwomba msamaha. Akasema jambo ambalo bado linanichoma. Alisema siku ile ya mkutano hakuumia kwa ajili ya kazi. Mikono ilikuwa imechoka, alikuwa anafikiria kuacha. Aliumia kwa sababu alinitazama nimesimama pale na karatasi yangu, akajiuliza kama kweli alinifundisha. "Nikasema labda wako sahihi. Labda nimekuwa nikikosea miaka yote. Nilirudi hapa nikachukua mahindi, nikayapanga mezani, matano na matatu. Nikazunguka ile meza peke yangu. Mtu mzima, nazunguka meza kuhakikisha tano ni kubwa kuliko tatu."

Sikuweza kumtazama.

"Nitasema upya mkutano ujao," nikamwambia. "Vizuri. Kwa lugha yetu."

"Mkutano ni muhula ujao. Na walioniita Kinyume hawaji mikutanoni." Akasimama, akakusanya mafungu ya mboga ndani ya gunia. "Wako sokoni. Leo."

Nilitaka kusema kwamba nilikuwa na miadi mjini. Nilikuwa nayo kweli. Nikasema, "Twende."

Soko lilikuwa limejaa. Hatukufika mahali pake kabla mama wa vitunguu hajaita kutoka mbali, kwa urafiki tu, bila ubaya: "Mwalimu Kinyume! Leo umechelewa! Na huyu mtu mkubwa umemtoa wapi?"

Mwalimu akatua gunia. "Ana neno," akamwambia. Kisha akaanza kutandika mboga zake, kana kwamba hayamhusu.

Nilimwambia mama wa vitunguu kila kitu. Nilikaa vibaya, nikaona vibaya, nikaandika uongo, Mwalimu alifundisha sawasawa, na jina lile lilitoka kwangu. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Mama wa vitunguu alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akawageukia wenzake.

"Mmesikia? Kumbe Kinyume ni mwenyekiti!"

Wakaangua kicheko. Mmoja akaanza, "Mwenyekiti Kinyume..."

"Hapana," Mwalimu akasema, bila kuinua kichwa, kwa sauti ileile ya darasani, na wanawake wazima wakanyamaza. "Jina hilo asiitwe mtu yeyote."

Akapanga fungu la mwisho, akafuta mikono kwenye leso, ndipo akanitazama.

"Rudia," akaniambia. "Wale wa upande wa nyanya hawajasikia."

Nikarudia.